Kiwango, Kuvu na Kinywa: Manufaa ya Viwango vya Kimataifa vya Ubora kwa Jamii na Deni la Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anayeandika kuhusu viwango vya ubora huenda akaonekana kama mtu aliyekusudia kuingia maktaba akajikuta maabarani. Nakiri mapema kwamba wenzangu wa uzamili walinitania nilipowatajia mada hii. Mmoja aliniuliza iwapo nimeacha riwaya nikaanza kupima saruji. Hata hivyo, viwango havikai mbali nasi kama tunavyodhani. Karatasi ya A4 ambayo kwayo wengi wetu huchapisha tasnifu ilianza kuwa kiwango nchini Ujerumani mwaka 1922, kisha ikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1975. Nambari ya ISBN iliyo kwenye jalada la nyuma la kila diwani tunayoichambua ni kiwango cha kimataifa. Hata Kiswahili chenyewe kimeorodheshwa: katika mfumo wa kimataifa wa majina ya lugha kina msimbo wa herufi mbili, sw, na wa herufi tatu, swa. Orodha iliyochapishwa mwaka 2007 ilikwenda mbali zaidi ikatenga swh kwa Kiswahili cha pwani na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Ukichagua Kiswahili kwenye simu yako, msomaji, herufi hizo ndizo zinazokuitikia.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi viwango vya kimataifa vya ubora vinavyoifaa jamii. Kwa kuwa mada ni pana kama bahari, nimeamua kuvua katika hori moja tu: mahindi, na hasa ile sumu inayozaliwa na kuvu katika mahindi. Nimechagua mahindi kwa sababu ndiyo chakula chetu, na pia kwa sababu nimezaliwa Makueni. Mwaka 2004 nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, na neno la Kiingereza lililokuwa likitangazwa redioni kila jioni halikuwa na maana kwa yeyote nyumbani kwetu, ila tulijua kwamba watu walikuwa wakifa.

Neno na mambo yake

Neno kiwango huhusishwa na kitenzi cha kale wanga, yaani kuhesabu. Sanifu nalo lilianza na maana ya kutunga au kubuni kwa ustadi kabla ya kuvaa maana ya kukubalika na wote kama kipimo. Tuna msanifu wa majengo, tuna Kiswahili sanifu, na siku hizi tuna bidhaa zilizosanifishwa. Inapendeza kuona pia jinsi jirani wawili walivyozibatiza taasisi zao. Watanzania wana Shirika la Viwango Tanzania, lililotokana na sheria ya mwaka 1975. Sisi tuna shirika lililoanza kazi mwaka 1974, ambalo magazeti yetu huliita Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, au KEBS kwa kifupi. Binafsi sioni raha na hilo kukadiria. Anayekadiria hukisia, mama sokoni hukadiria uzito wa kabeji kwa kuinyanyua. Kazi ya kiwango ni kutuondoa katika kukisia.

Kabla ya viwango hivi, biashara ya pwani yetu haikuwa bila vipimo. Tulikuwa na kibaba na pishi kwa nafaka, wakia na ratili kwa vitu vya thamani, shubiri na dhiraa kwa nguo, na frasila kwa karafuu na pembe. Tatizo ni kwamba frasila ilisafiri katika bandari nyingi za Bahari ya Hindi na haikuwa na uzito ule ule kila ilikotia nanga. Mfanyabiashara mwerevu alijua frasila ya wapi ni nzito na ya wapi ni nyepesi, na ujuzi huo ulikuwa sehemu ya faida yake. Hasara ilimwangukia asiyejua. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili: kipimo kinapotofautiana, faida humwendea mwenye habari, na mkulima ndiye aghalabu hana habari. Nani asiyeijua lumbesa? Gunia la viazi hushonewa kilemba juu mpaka likawa gunia na nusu, ilhali mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zilitaka mfuko usizidi kilo 50. Ukipita barabara za Nyandarua utaona kwamba kanuni ni kitu kimoja na mzani ni kitu kingine, lakini angaa sasa mkulima ana nambari ya kushikilia anapobishana.

Kuna kisa ambacho hupendwa sana na wanaoeleza faida za viwango, nami sitakiruka. Tarehe 7 Februari 1904 moto ulizuka katika jiji la Baltimore, Marekani. Vikosi vya zimamoto vilikuja kutoka miji mingine, ikiwemo Washington, Philadelphia na New York. Walikuja na farasi, mabomba na watu, lakini vifungio vya mipira yao havikuingia katika mifereji ya maji ya Baltimore, kwani kila mji ulikuwa umejitengenezea kifungio chake. Moto uliwaka kwa takriban saa 30 na zaidi ya majengo 1,500 yakateketea. Maji yalikuwepo na watu walikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano.

Makubaliano ya namna hiyo kati ya mataifa ndiyo yaliyowakutanisha wajumbe wa nchi 25 jijini London mwaka 1946. Kutokana na mkutano huo, shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilianza kazi rasmi tarehe 23 Februari 1947, na makao yake yako Geneva. Jina hilo linanasibishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya sawa. Upande wa chakula, Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani yaliunda mwaka 1963 tume ya pamoja inayoitwa Codex Alimentarius, jina la Kilatini linalomaanisha sheria au kitabu cha chakula. Kuundwa kwa tume hiyo kuliwadia wakati ambapo wanasayansi walikuwa wametoka tu kuitambua ile sumu ninayotaka kuizungumzia.

Sumu isiyoonekana

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Wakati uo huo, vifaranga vya bata vilikufa Kenya na Uganda kwa kulishwa karanga za huku huku Afrika Mashariki. Kuvu iliyosababisha maafa hayo ilitambuliwa kuwa Aspergillus flavus, na jina la sumu likaundwa kwa kuchukua a ya neno la kwanza, fla ya neno la pili, na kuongeza neno la kigeni la sumu. Magazeti ya Kenya huiandika aflatoksini. Watanzania wameipa jina zuri zaidi: sumukuvu. Nitarejea kwenye jina hili baadaye, kwani lina uzito kuliko linavyoonekana.

Sumukuvu ina tabia tatu zinazoifanya kuwa adui mgumu. Kwanza, haionekani, mahindi meupe yasiyo na doa yanaweza kuwa nayo, ilhali mengine yenye koga ya kijani yakawa na kuvu ya jamii nyingine. Pili, haiuawi na moto wa jikoni. Ugali uliopikwa ukaiva vizuri una sumu karibu ile ile iliyokuwa katika unga. Tatu, hailingani katika gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu karibu yote, na kopo moja lililotekwa juu ya gunia likasema gunia ni safi. Anayeila kwa wingi kwa muda mfupi ini lake huharibika, macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, na wengi hawaponi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu hubadilika umbo ikapita katika maziwa.

Mwaka 1981 watu 20 walilazwa hospitalini katika eneo la Machakos kwa ugonjwa wa ini, na 12 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula yalikutwa na sumukuvu. Ungedhani kwamba somo hilo lilitosha. Mwaka 2004 maradhi yakarudi, safari hii Makueni na Kitui yakiathirika zaidi. Kufikia Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wameripotiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Watafiti waliokwenda masokoni wakakusanya sampuli 350 za mahindi waligundua kwamba asilimia 55 zilikuwa zimepita kiwango cha Kenya cha wakati huo, yaani sehemu 20 katika bilioni. Asilimia 7 zilipita sehemu 1,000.

Kutokana na mwaka huo ninayo kumbukumbu moja ambayo haijafutika. Mahindi yaliyoshukiwa yalikuwa yakichukuliwa na watu kupewa chakula kingine. Susu wangu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikataa kutoa magunia yake mawili. Aliteka konzi ya mahindi akamwonyesha kijana aliyetumwa, akamwuliza: "Mwanangu, haya yana nini? Si meupe? Ni sumu gani hii isiyo na rangi, isiyo na harufu, na isiyo na jina?" Kijana yule alilitaja jina la Kiingereza mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Mwishowe chifu msaidizi ndiye aliyekuja magunia yakachukuliwa. Susu aliamini kwa miaka kadhaa kwamba alinyang'anywa.

Maana ya nambari kumi

Leo kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni, na ile aina kali zaidi iitwayo B1 isizidi sehemu 5. Hebu tuone nambari hiyo kwa macho ya gunia. Sehemu 10 katika bilioni ni sawa na gramu 1 ya sumu iliyotawanyika katika tani 100 za mahindi, yaani zaidi ya magunia 1,100 ya kilo 90. Hakuna ulimi wala pua ya binadamu inayoweza kuitambua gramu hiyo. Kwa hiyo mlaji hana budi kumwamini mtu asiyemjua, aliyechukua sampuli mahali asipopajua, akaipima kwa chombo asichokijua. Imani hiyo ndiyo bidhaa halisi inayouzwa na kiwango.

Wengi hudhani kwamba kiwango ni nambari tu. La hasha. Nambari ni mkia wa ng'ombe; ng'ombe mwenyewe ni utaratibu wa kuifikia. Maadam sumu hailingani katika gunia, kuna kiwango cha kimataifa kinachoeleza jinsi ya kuchukua sampuli za nafaka. Kuna kingine, ISO 6540, kinachoeleza jinsi ya kupima unyevu wa mahindi, kwani mahindi yenye unyevu uliopita asilimia 13.5 ni shamba la kuvu. Kuna ISO 16050 ya mwaka 2003 inayohusu upimaji wa sumu yenyewe, na juu ya yote kuna ISO/IEC 17025 inayoipima maabara inayopima. Mnyororo huu una maana kwamba cheti kilichotolewa Kampala kinaweza kusomwa Nairobi na kuaminiwa, bila mahindi yale yale kupimwa mara ya pili mpakani huku lori likinyeshewa.

Faida ya jambo hili ilijitokeza wazi mapema Machi 2021. Kenya ilitangaza ghafla kwamba imesimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalipanga foleni mipakani, na maneno makali yakaanza kurushwa. Wapo walioona kwamba ni siasa iliyovaa koti la daktari. Siku chache tu baadaye, tarehe 10 Machi, katazo lililegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu iko chini ya sehemu 10 katika bilioni. Sidai kwamba ugomvi uliisha siku hiyo. Ninachosema ni kwamba nchi tatu zilikuwa tayari zimekubaliana juu ya nambari moja, na kwa hiyo mjadala ulikuwa na mahali pa kusimama. Bila kiwango cha pamoja, neno la Kenya lingekuwa mahindi yenu ni mabaya, na jibu lingekuwa ni mazuri, na kati ya kauli hizo mbili hakuna daraja.

Aidha, kiwango humpa mwananchi nguvu dhidi ya mwenye kiwanda. Novemba 2019 KEBS ilipiga marufuku chapa 5 za unga wa mahindi zilizokutwa na sumukuvu kupita kiasi. Lau kusingekuwa na kipimo kilichoandikwa, kila msagaji angekuwa na maelezo yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na papo hapo kinampa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Nitaishikilia haki hiyo ya pili katika sehemu ya mwisho ya makala haya.

Kiwango kinapokuwa ukuta

Haitakuwa haki kusifu tu. Nambari ya sumukuvu si moja duniani. Marekani huchukua hatua chakula kikipita sehemu 20; Codex huruhusu 15 katika karanga zinazokwenda kusindikwa; sisi tumechagua 10 katika mahindi; Umoja wa Ulaya unataka nafaka zinazoliwa moja kwa moja zisipite 4. Sumu ni ile ile na ini la binadamu ni lile lile. Tofauti hutoka wapi? Hutoka katika mizani ambayo upande mmoja una afya na upande wa pili una uwezo, na pengine, wapo wasemao, kinga ya soko. Mwaka 2001 wachumi watatu wa Benki ya Dunia, Otsuki, Wilson na Sewadeh, walikadiria kwamba kanuni za Ulaya za wakati huo, zikilinganishwa na kiwango cha Codex, zingezipunguzia nchi za Afrika mauzo ya nafaka, matunda makavu na kokwa kwa dola milioni 670 kwa mwaka, ilhali zingeokoa takriban maisha 1.4 katika kila watu bilioni. Makadirio hayo yamejadiliwa sana tangu hapo, lakini swali walilouliza halijazeeka: nani aliyekaa mezani nambari ilipokuwa ikiandikwa?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalijua swali hilo kwa jina lingine. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na tangu Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha. Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, kilibaki nje ya mlango mjini mwake chenyewe. Malalamiko hayo hayajakoma, wala sidhani kwamba yanapaswa kukoma. Hata hivyo, ni usanifishaji huo huo unaoniwezesha mimi, Mkamba, kuandika makala haya yakasomwa Dodoma, Bujumbura na Lamu. Kiwango huunganisha kwa kuchagua, na kila uchaguzi una aliyeachwa. Aliyeachwa anastahili kuulizwa mapema, kabla ya wino kukauka.

Fauka ya hayo, kuna ukuta wa pili ambao haujengwi Ulaya bali hapa nyumbani. Unga wa paketi hupitia kiwanda, na kiwanda hukaguliwa. Lakini familia nyingi za Ukambani hula mahindi waliyoyalima, wakayaweka nyumbani na kuyapeleka kinuni, kwa posho, ndoo moja moja. Hayo hayakutani na mkaguzi yeyote. Mahindi ya mwaka 2004 yaliyoua watu yalikuwa kwa kiasi kikubwa ya namna hii: ya shambani, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na yaliyouzwa katika masoko ya karibu. Mahali hapo kiwango hakiwezi kufika kwa njia ya muhuri. Kinaweza kufika kwa njia ya maneno tu.

Deni la istilahi

Tukifika hapo, jambo hili linakuwa letu. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki nilichosoma kimeandikwa kwa Kiingereza. Lugha rasmi za ISO ni Kiingereza, Kifaransa na Kirusi. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, lakini mkulima wa Kibwezi anayetaka kujua mahindi yake yakauke kiasi gani atasubiri mtu amtafsirie kwa mdomo, na mtu huyo atatafsiri anavyojua.

Nimejaribu kuzifasiri kurasa chache kama zoezi. Ugumu haukuwa katika kemia. Ulikuwa katika maneno ya kawaida kabisa. Kiasi cha maji yaliyomo ndani ya punje tukiite unyevu, unyevunyevu au umajimaji? Kwa mkulima unyevu ni hali ya kuhisi kwa mkono, na mahindi yenye asilimia 15 mkononi ni makavu. Fungu la mahindi linalochukuliwa kuwa kitu kimoja wakati wa kupima liitwe shehena, au shehena ni ya meli tu? Punje zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu, zilizobadilika rangi, zilizochipua: kiwango kinazitofautisha kwa makini, na kwa hakika kila jamii ya wakulima ina maneno ya hizo, ila hayajakusanywa. Hapa ndipo wataalamu wa istilahi wanapotakiwa kuvaa viatu vya shambani.

Katika hilo Watanzania wametutangulia kwa neno moja. Baada ya mkasa wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambapo watu 68 waliugua na 20 wakafa, sumukuvu limekuwa neno la redioni na la mikutano ya vijijini. Angalia uzuri wake: kuunganisha nomino mbili ambazo kila mtu anazijua, na ndani ya neno kuna sababu na matokeo. Asikiaye sumukuvu ameelezwa nusu ya somo kabla mwalimu hajafungua kinywa. Asikiaye aflatoksini hajaelezwa kitu. Sioni sababu ya vyombo vyetu vya habari kuendelea kulikwepa neno hili eti kwa kuwa limezaliwa ng'ambo ya Namanga.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani nikakuta susu ameanika mahindi juu ya turubai. Amezeeka lakini macho yake bado yanahesabu kuku. Nilimwonyesha jaribio la chumvi ambalo maafisa wa kilimo hulifundisha: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi iliyokaushwa vizuri, tia mahindi, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu uliopita asilimia 15. Isipoganda, yako chini ya hapo. Si kipimo cha maabara, na ni lazima kusema wazi kwamba kati ya 15 na 13.5 kinachotakiwa na kiwango kuna mwanya ambao chupa haiuoni. Ndiyo sababu mkulima anashauriwa aongeze siku za kuanika hata chumvi ikiwa haikuganda, na aweke magunia juu ya mbao badala ya sakafuni.

Nilipokuwa nikitikisa chupa nilimweleza kwamba ile sumu ya mwaka ule ina jina, inaitwa sumukuvu, na inatokana na kuvu inayopenda mahindi mabichi. Alilirudia jina polepole. Kisha akauliza kwa nini yule kijana hakumwambia hivyo siku ile, badala ya kupiga kelele. Sikuwa na jibu. Aliichukua chupa mkononi mwangu akaigeuza kwenye jua. Chumvi ilikuwa imeshika kioo upande mmoja. Akaniita nishike pembe ya turubai, tukayatandaza mahindi upya, na magunia tuliyokuwa tumeyaandaa yakarudi juu ya ukuta hadi siku tatu baadaye.